Vioo Arobaini vya Chumba Kimoja

3 Februari

Chiriku, mdogo wangu,

Kasha limefika? Kama unasoma hii limefika, kwa hiyo swali langu ni la kipuuzi, lakini nimeshaliandika na sitaki kuharibu karatasi. Dereva wa lori la vifurushi ameapa kwamba hataliweka chini ya magunia ya saruji kama mara ile.

Ndani kuna fremu sita za vioo, ndege wanne wa ukutani wa magome ya miti, na ile trei uliyoiomba, ambayo nimeizungushia kamba ya mkonge. Kila kimoja kina kadi nyuma. Umesema wateja wa siku hizi wanapenda mbao yenye historia, basi historia hiyo hapo. Fremu mbili ni vitanda vya hospitali. Moja ni kaunta ya posta iliyofungwa. Mbili ni mlango wa choo cha shule, mbao nzuri sana ile, hakuna mchwa aliyethubutu kuisogelea. Ya sita, yenye rangi ya kijani, ni dirisha la chumba chako. Upepo wa Desemba uling'oa ubawa mmoja ukauvunja vipande viwili. Nimeweka ubawa mwingine, usihofu. Chumba kipo kama ulivyokiacha, na ufunguo uko mahali pake.

Mimi mzima, ila magoti yamechoka kabla yangu. Mbao chakavu ina kazi mara mbili ya mbao mpya: kwanza unang'oa misumari ya watu wengine, ndipo uanze kupiga yako.

Kaka yako,
Msumari


19 Februari

Kaka Msumari,

Kasha limefika. Ndege mmoja alivunjika mdomo, nimeugundisha, sasa anaonekana kama amepigwa na mkewe.

Tuzungumze kadi zako. Jana aliingia mama mmoja nadhifu, akaishika fremu, akaipenda, akaikumbatia kabisa. Akageuza nyuma akasoma: "Mlango wa choo cha wavulana, shule ya msingi, miaka ishirini na sita." Kaka, aliiweka chini kwa vidole viwili akaniomba maji ya kunawa.

Nani alikutuma uandike "cha wavulana"? Hata ungeacha choo, wavulana ungewasamehe. Sikuambii udanganye. Nakuambia unyamaze kidogo. Andika "mlango wa shule ya zamani." Ni uongo? Si uongo. Mtu anayejitambulisha haanzi na magonjwa yake.

Unapenda kunihubiria kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi njoo uone kizuri kinavyojiuza. Kimekaa rafuni mwezi wa nne huu, kinamtazama kila mpita njia kama mchumba aliyekataliwa.

Nimechoka. Nina miaka hamsini na mbili, na kazi yangu ni kufuta vumbi juu ya vitu ambavyo wewe uliviondoa vumbi. Mwaka huu nafunga duka, narudi nyumbani. Nataka tu nifunge nikiwa nimesimama, watu wasiseme nilishindwa. Nikipata oda moja kubwa ya kuagia, naweka kufuli, nakuja kulala katika chumba changu cha kijani mpaka usingizi wenyewe uniambie inatosha.

Najua hutaki simu. Lakini kadi hizi zingehitaji simu, na kelele.

Mdogo wako,
Chiriku


2 Machi

Chiriku,

Unarudi. Umekuwa ukirudi kwa miaka kumi na moja. Kobe angekuonea huruma akakubeba.

Kuhusu kadi, sikiliza. Upande wa chini wa barabara yetu kuna karakana tatu ambako mbao mpya, iliyochanwa juzi, inapigwa kwa mnyororo, inatobolewa kwa sindano ionekane imeliwa na wadudu, inalowekwa kwenye chai na siki, na baada ya siku mbili inaitwa mbao ya babu. Babu gani? Babu wa siku mbili. Wanunuzi wake ni wale wale wanaosonya mzee akichelewa kushuka kwenye basi. Wanataka uzee ukutani, ila uwe uzee usiokohoa.

Ule mlango wa choo ulisimama miaka ishirini na sita. Ulipigwa mateke, ulichorwa matusi, ulizuia harufu na kuficha aibu za watoto wa watu bila kulalamika. Kuna waheshimiwa wangapi wamefanya kazi ya maana kama hiyo? Na choo ndicho chumba pekee cha shule ambamo hakuna mtoto aliyewahi kufundishwa uongo. Huyo mama wako nadhifu angenawa uso pia.

Unasema ninyamaze kidogo. Kila uongo ninaoujua ulianza kwa mtu kunyamaza kidogo. Nimesoma vitabu vingi na nimeng'oa misumari mingi zaidi, na vyote viwili vimenifundisha kwamba kilichofichwa ndani ya mbao ndicho kinachovunja msumeno. Kazi inayotoka mikononi mwangu ina saini yangu, na saini yangu haikai juu ya upuuzi.

Wavulana wanabaki.

Kaka yako,
Msumari


21 Machi

Kaka,

Hotuba nimeipokea. Nimeisoma nimesimama, kwa heshima.

Sasa habari. Amekuja mwenye hoteli mpya ya upande wa juu wa mji, bwana wa suti nyepesi na meno mengi. Alipita fremu zote kama mtu anayekagua gwaride, akasimama mbele ya ile ya kijani. Akageuza, akasoma kadi: "Dirisha la chumba cha dada yangu." Akaniuliza nyumba hiyo iko wapi. Nikamwambia ilikuwa nyumba ya familia, ya mbao tupu, imeshavunjwa, na fundi aliyezaliwa humo amehifadhi mbao zake.

Ndiyo, nilisema imevunjwa. Mdomo ulitangulia.

Anataka vioo arobaini vya korido ya ghorofa ya pili. Vyote kutoka nyumba hiyo, vyote vya kijani kile, kila kimoja na kadi iliyotiwa saini na fundi. Arobaini, kaka. Hii ndiyo oda niliyokuwa naiomba. Baada yake nafunga duka kwa heshima na narudi.

Rangi utaichanganya, wewe ni fundi. Mbao zipo. Hakuna atakayeumia. Nani ataumia? Nakuomba kama dada anavyomwomba kaka, mara moja tu maishani.

Chiriku


28 Machi

Chiriku,

Hapana.

Nyumba haijavunjwa. Nimekaa ndani yake nikiandika hivi. Mama alituachia sisi wawili, ubavu wa mashariki wako, wa magharibi wangu, akasema asitokee wa kuipunguza. Kijani kile kipo mahali pamoja tu duniani, kwenye kuta nne na dari ya chumba chako, kwa sababu ulipokuwa na miaka kumi na tano ulichanganya rangi za makopo matatu na hukukumbuka vipimo.

Mwambie bwana wa meno kwamba fundi anaweza kumpa vioo arobaini vya vitanda vya hospitali. Wageni watalala vizuri.

Msumari


9 Aprili

Kaka,

Nilikuficha jambo.

Siku ile alikuja na mkataba mkononi. Kulikuwa na mstari wa mauzo na mstari wa fundi. Wa mauzo niliweka saini yangu. Wa fundi niliweka yako, ile yenye mkia mrefu, niliyoiiga tangu tuko shule nikijiandikia ruhusa za kuumwa. Nilipokuandikia kukuomba, nilikuwa nimeshaiba. Ombi lilikuwa pambo.

Ukikataa, nitakwenda kumwambia. Atanitangaza, ana haki, na nitafunga duka nikiwa mwongo anayejulikana mtaa mzima, na nitarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Ukikubali, utakuwa umesema uongo kwa ajili yangu. Chagua wewe. Mimi nimechoka kuchagua, nimechoka kutabasamu, nimechoka hata na hii barua.

Usinitukane kwa kurasa nne. Moja inatosha.

Chiriku


20 Aprili

Chiriku,

Arobaini. Mwisho wa Julai.

Kadi usiguse. Nitaandika mwenyewe.

Msumari


14 Juni

Kaka mpenzi,

Miezi miwili huna neno. Wewe, mtu uliyewahi kuniandikia kurasa sita juu ya gundi mbaya.

Nimekuwa nikimwuliza dereva wa lori. Anasema kila akipita anasikia nyundo, ila si karakanani, ni ndani ya nyumba. Nilipomuuliza anachosikia hasa, akasema, "Mama, mimi ni dereva, si daktari wa nyumba. Lakini yule mzee anagonga kweli."

Nimeelewa. Unatengeneza nyumba kunipokea. Hujataka kuniambia, kwa sababu wewe ukifanya jambo zuri unalificha kama mwizi. Nilicheka peke yangu dukani, kisha nikalia kidogo, uchovu tu. Usijisumbue sana. Chumba changu kikiwa na kitanda na dirisha linalofunguka, mimi nimefika.

Na asante kwa kumeza kiburi chako. Najua ni kikubwa, na najua kilipita kwa shida.

Chiriku


27 Julai

Mdogo wangu,

Makasha manane, vioo vitano kila moja. Vimepigwa msasa mwepesi na nta ya nyuki, sikuondoa rangi. Kwenye pembe nimeweka maganda ya mbegu zile ndefu zinazoanguka nyuma ya kisima, nimeyafunga kwa kamba, sikutumia gundi. Mashimo ya misumari nimeyaacha wazi.

Kadi zote arobaini zinasema neno moja: "Mbao hii ilikuwa chumba. Fundi alikivunja mwenyewe." Saini ni yangu. Safari hii ni yangu kweli.

Usiongeze neno.

Msumari


8 Agosti

Kaka, kaka, kaka,

Nimekuwa nikisubiri miaka hamsini nikusikie ukisema uongo mmoja, na ulipousema umeusema kwa ufundi mpaka nimeona wivu. "Fundi alikivunja mwenyewe." Hata mimi nilishtuka. Bwana wa suti alisoma akashika kifua.

Na hiyo rangi umeipataje? Umeibabua mahali jua lilipokuwa likipiga na kuiacha nzito palipokuwa na kivuli cha kabati. Kuna kimoja chenye alama ya pasi, kama ile niliyoiacha ukutani pasi iliponiponyoka siku ya harusi ya shangazi. Umekumbuka hata pasi. Wale wa mnyororo na chai waje wajifunze kwako. Niambie basi, ni chai au ni siki? Sitamwambia mtu.

Nimefunga, kaka. Rafu nimempa fundi cherehani wa jirani, ufunguo wa duka nimeukabidhi jana. Nilidhani nitahisi kitu kikubwa. Nilihisi miguu tu. Nafika tarehe ishirini Septemba, na mabegi matatu na mto wangu. Safari hii sikutanii, hata kobe hufika.

Jambo moja: fungua dirisha la chumba changu kuanzia sasa, kipate hewa.

Mdogo wako anayerudi,
Chiriku


16 Agosti

Mdogo wangu,

Chumba chako kina hewa ya kutosha. Hakina kitu kingine.

Sikuiga chochote. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nilichanganya kijani siku tatu, nikaipaka mbao mpya, nikaifunga mnyororo kiunoni kama mtumwa na kuiburuta uani. Ilitoka vizuri kabisa. Ungeipenda. Nikakaa kuandika kadi, na mkono haukuandika.

Ulikuwa umeweka jina langu chini ya jambo ambalo halikuwa kweli. Niliona njia mbili tu za kulitoa hapo. Ya kwanza ni kukutangaza mwizi, wewe, mtoto niliyembeba mgongoni kwenda kliniki. Ya pili ni kuufanya uongo wako uwe kweli. Niliuvunja ukuta wa mashariki tarehe ishirini na mbili Aprili. Kisha wa kaskazini. Kisha dari. Nilihesabu nikiwa na matumaini kwamba kuta mbili zitatosha, lakini mbao za chini zilikuwa zimeoza, na vioo arobaini vina tumbo kubwa. Niliacha nguzo na bati. Ule ubawa mpya wa dirisha umebaki umeegemea mti.

Nilipokuwa nikishusha boriti ya dari niliteleza. Bega la kulia haliinui tena mkono juu ya kifua. Sikukuambia kwa sababu ningetakiwa kukuambia nilikuwa juu ya nini.

Wiki nane nilijiona mtu mkubwa. Kila msumari nilioung'oa nilijiambia, hii ndiyo gharama ya ukweli, na wako wapi wengine wanaoweza kuilipa. Ulipoandika kuhusu dereva na nyundo, kwamba naitengeneza nyumba kukupokea, niliikunja barua nikaiweka chini ya kopo la gundi. Nilikuwa na siku arobaini na tatu za kukuambia. Sikusema. Mimi, wa hotuba ya kunyamaza kidogo.

Na kuna lililo baya zaidi. Sikudhani utarudi. Kama ningeamini kwamba unarudi nisingegusa hata bawaba. Nilivunja chumba cha mtu ambaye moyoni mwangu nilishamhamisha.

Maji yamemwagika. Siombi uyazoe.

Msumari


30 Agosti

Msumari,

Sikuiti kaka leo. Nitakuita siku nikiweza.

Barua yako niliisoma kituo cha vifurushi, nimesimama kwenye foleni, na mwanamke nyuma yangu akanishika mkono akidhani nimefiwa. Sikumkatalia.

Nikaenda hotelini. Korido ni ndefu, ishirini kushoto, ishirini kulia, zulia linameza nyayo. Nilipita taratibu kama mgeni mwenye chumba. Nikajiona mara arobaini, mwanamke aliyechoka aliyezungukwa na rangi aliyoichanganya mwenyewe akiwa na miaka kumi na tano. Alama ya pasi iko mbele ya mlango wa akiba ya mashuka. Niliweka kiganja hapo. Mfanyakazi wa usafi akaniuliza kama nimepotea, nikamwambia hapana, hiki ni chumba changu. Akanitazama mkononi akitafuta funguo, hakuziona.

Nikamtafuta bwana wa suti nikamwambia yote. Saini, uongo, nyumba iliyokuwa imesimama, ndugu aliyeivunja ili kadi ziwe kweli. Nilitaka anifukuze. Nilitaka mtu mmoja akasirike kwa sauti. Alinisikiliza kwa adabu, akatabasamu, akasema, "Mama, kwani kuna anayesoma? Zimetazama ukutani." Akageuza kimoja kunionyesha. Kadi ziko nyuma. Ulizigundisha nyuma, kama kawaida yako, na wao wamezitundika kama kioo kinavyotundikwa. Hakuna macho yatakayoziona mpaka hoteli ibomolewe. Akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba hata ningemletea mbao ya jana angeridhika, yeye alipenda rangi.

Nakuambia hili ili lisikupite. Usiniandikie juu ya wanaotaka uzee usiokohoa. Najua walivyo, nimewahudumia miaka kumi na tisa. Nataka kujua juu yako. Mimi niliiba saini, ndiyo, nitakwenda nayo kaburini. Lakini saini yako ingesafishwa kwa aibu yangu ya wiki mbili. Ukaisafisha kwa chumba changu. Na hukuuliza. Ungeandika mstari mmoja, "Chiriku, unarudi kweli au huji?" Ningekujibu. Ulivunja kwa ajili ya nini? Jibu bila hotuba, kama unaweza.

Nakuja tarehe ile ile. Si kwamba nimesamehe. Sina kwingine, na duka nimeshalikabidhi.

Chiriku


6 Septemba

Chiriku,

Sina hotuba.

Nilivunja kwa ajili ya jina langu. Nililipenda jina langu kuliko chumba chako. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu nikitafuta namna isiyo mbaya. Haipo.

Habari ya kadi kutazama ukuta nimeisoma. Jana nilikaa na patasi mkononi asubuhi nzima bila kukata kitu.

Chumba changu nimekitoa vitu vyangu. Nimekipiga deki kwa mkono mmoja, kwa hiyo pembe usizikague. Kitanda nimekigeuza, kichwa kiwe mbali na upande wa mashariki, maana upepo unaingia palipokuwa na ukuta wako na turubai nililofunga linapiga kelele. Njoo na blanketi zito. Mimi nimehamia karakanani, usibishane na hilo.

Mbao za ukuta nimezileta. Ni mpya, nyeupe, hazina historia yoyote, zimelala sebuleni na nyumba nzima inanukia utomvu. Sijapigilia hata moja. Ni bega, ndiyo, lakini hata lingekuwa zima nisingepigilia. Nilishaamua mara moja kuhusu chumba chako bila wewe. Ukifika utasema tuanzie wapi, na dirisha likae upande gani, na kama unataka ukuta au unataka turubai libaki hivyo hivyo nilisikilize. Utakalosema ndilo.

Basi la tarehe ishirini hutakiwa kufika saa tisa, hufika saa kumi na moja. Nitakuwa kituoni tangu mchana. Usinisalimie kama hujaweza. Nipe tu begi moja, upande wa kushoto, tutembee.

Msumari